Ufunguo Uko Kericho, Kufuli Iko Lodwar

Wasee, ile vidio ya Kericho na Lodwar nimeifuta. Ndiyo, ile iliyopata watu wengi kuliko vidio zangu zingine zote zikijumlishwa. Wengi mmenitumia meseji mkidhani nimelipwa niitoe, wengine ati nimetishwa. Hakuna aliyenitisha. Dadangu mkubwa alinipigia simu, basi.

Kwa wale hawakuiona, ilikuwa hivi. Viwanja vingi vya ndege duniani vimepewa herufi tatu. Nairobi ni NBO, Mombasa ni MBA, Kisumu ni KIS, Eldoret ni EDL. Kericho nayo iko na kiwanja, kile cha Kerenga, na herufi zake ni KEY. Sasa angalia za Lodwar: LOK. Yaani ukisoma kwa Kizungu, huku ni ufunguo na kule ukitamka haraka ni kufuli. Ningekuwa mjinga kuacha kontenti kama hiyo ipite.

Nikaingia kwenye moja ya zile kurasa za intaneti ambazo unaandika jina la kiwanja cha kutoka na cha kwenda, zinakutemea umbali na muda wa kuruka. Jibu likaja: kama kilomita 390, karibu saa moja hewani. Nikasimama katikati ya majani chai kwetu, kikapu cha mama mgongoni, nikasema: "Kericho mpaka Lodwar ni saa moja, na bado unaniambia Turkana ni mbali?" Sekunde arobaini tu. Ikaenda kama moto wa nyasi za Januari.

Dadangu ni mwalimu huko, shule iliyo nje kidogo ya Lodwar. Mwajiri alimpeleka, hakuchagua, lakini sasa ni mwaka wa nne na amezoea joto kutushinda sisi tunaovaa sweta mwezi wa saba. Alipiga usiku.

"Nimeona vidio yako," akasema. "Ati saa moja?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Basi mwaka jana ningewahi kumzika Kogo."

Hapo ndipo nilinyamaza. Kwa sababu nilikuwepo siku hiyo, na nilimwona akishuka kwa boda akiwa na mkoba mmoja na vumbi la kaunti kadhaa, watu wakiwa tayari wanakunja hema.

Wacha niwaeleze safari yake vile alivyonieleza, maana mimi sikuwahi kumuuliza. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza. Habari ya Kogo ilimfikia Alhamisi jioni. Mazishi ni Jumamosi, na kwetu mzee akishapangiwa siku, amepangiwa. Aliangalia ndege kwanza. Lodwar ina ndege za abiria, si kiwanja cha mbuzi kama wengine mnavyodhani. Lakini hazileti mtu Kericho. Ndege aliyoipata ingempeleka Nairobi. Chukua ramani uone hiyo kitu: Lodwar mpaka Nairobi hewani ni kama kilomita 510, halafu urudi magharibi kwa barabara kama kilomita 260 mpaka Kericho. Unalipa pesa nyingi ili upitishwe nyumbani kwenu halafu ujirudishe mwenyewe. Na hata hiyo ilikuwa imejaa.

Akachukua basi Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Lodwar unashuka kusini, unapita Lokichar, unafika Kainuk, na wanaojua Kainuk wanajua kwa nini abiria hunyamaza pale. Siku hiyo magari yalisimamishwa yasubiriane ili yasindikizwe na polisi. Wakakaa juani zaidi ya saa mbili. Halafu Marich, halafu ule mlima wa kupanda kuelekea Kapenguria ambapo basi linapumua kama mgonjwa wa pumu. Kitale walifika jioni. Eldoret usiku. Matatu ya Kericho hakuna saa hiyo, na dereva mmoja alimwambia angempeleka akilipa viti vyote. Akalala Eldoret kwa rafiki wa rafiki. Jumamosi asubuhi akapanda gari ya kwanza, ikangoja ijae. Kericho saa tano na nusu. Matatu ya Mogogosiek nayo ikangoja ijae. Boda. Saa nane kasoro.

Hesabu mwenyewe. Kutoka saa kumi na moja alfajiri ya Ijumaa mpaka saa nane mchana wa Jumamosi ni karibu saa thelathini na tatu. Mimi niliwaambia watu elfu mia moja na kitu kwamba ni saa moja.

Sasa, ile kurasa haikudanganya, na hilo ndilo limenisumbua. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini mwendo kasi na muda ni hesabu ya shule ya msingi, kwa hivyo niliketi nikaifungua ile hesabu kama redio. Wanachukua sehemu kiwanja kimoja kilipo na kingine kilipo, wanachora mstari mfupi kabisa juu ya mgongo wa dunia. Hapo wanapata kilomita 390. Halafu wanagawanya kwa kasi ya ndege kubwa ya jeti, kama kilomita 800 kwa saa. Hiyo ni nusu saa hivi. Wanaongeza nusu saa nyingine ya kupaa na kutua. Saa moja. Programu haijui kama hiyo ndege iko. Haijauliza. Ukiiambia ipime kutoka choo cha shule yenu hadi mwezini itakupa jibu na dakika zake.

Kwanza, jeti ya aina hiyo haiji Kerenga. Kerenga ni kiwanja kidogo cha ndege ndogo. Pili, Kericho iko juu, kama mita 2,000 juu ya bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Bawa linashika hewa kidogo, injini inapata nguvu kidogo, kwa hivyo ndege ileile inataka njia ndefu zaidi ya kukimbilia kabla iinuke kuliko ikiwa Lodwar, ambako ni kama mita 500 tu. Ingawa Lodwar nayo ina joto, na joto pia hufanya hewa iwe nyepesi, kwa hivyo rubani hapati raha upande wowote. Weka ndege inayofaa, ile ya propela moja inayobeba abiria kama kumi hivi, inayotembea kama kilomita 300 kwa saa. Sasa ni saa moja na robo au zaidi. Bado ni muda mzuri sana! Dadangu angekunywa chai ya saa nne nyumbani.

Na huo mstari wenyewe ni mrembo, acha niwaambie. Unatoka Kericho, unapita karibu na Tinderet, unaruka ikweta, unaacha chai ya Nandi mkono wa kushoto, unapita karibu kabisa na Eldoret. Halafu Cherangany, halafu unadondoka upande wa Sigor, kijani inaisha kama mtu amekata na makasi, unapita karibu na Lokichar, halafu Lodwar. Nchi nzima inabadilika nguo chini yako kwa saa moja na robo. Siku moja nikipata wa kunibeba nitairekodi yote bila kukata.

Lakini juu ya mstari huo kuna hali ya hewa pia, na kurasa hazina mvua. Sisi tuliozaliwa kwa majani tunajua ratiba ya mawingu: asubuhi jua, mchana giza, saa tisa mvua ya mawe. Na watu wa kwetu hawasahau tarehe 10 Juni 2008. Ndege ndogo iliyotoka Nairobi kuja Kericho ilianguka Narok. Ndani alikuwa Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet na Waziri wa Barabara, na Lorna Laboso, mbunge wa Sotik na waziri msaidizi. Walikuwa wanakuja kwa kampeni ya uchaguzi mdogo wa Ainamoi, uliokuwa ufanyike kesho yake. Hakuna aliyetoka hai. Mimi nilikuwa mtoto hata sijaanza shule, lakini Kogo alikuwa akisikia ndege ndogo ikipita juu ya nyumba anasimama nje mpaka sauti iishe. Alifanya hivyo miaka yote. Ukiweka Nairobi na Kericho kwenye ile kurasa, itakuambia ni safari fupi sana.

Turudi kwa ndege ambayo haiko. Kuna jamaa aliniandikia kwa komenti, kabla sijafuta, ati "mahali padogo hapawezi kuwa na ndege, ni biashara, hesabu haikubali." Nikamjibu kwa emoji. Leo namjibu kwa maneno.

Kaka, panda juu ya kilima chochote kusini mwa Bomet uangalie upande wa Maasai Mara. Pale ndani kuna viwanja vya murram: Keekorok, Ol Kiombo, Kichwa Tembo na vingine. Hakuna mji pale. Kuna nyumbu, tembo na kambi za wageni. Na kila siku ndege za ratiba zinatoka Wilson, zinafika chini ya saa moja, halafu zinarukaruka kutoka kiwanja kimoja hadi kingine kama matatu inayoshusha watu kwa stage, dakika kumi hapa, dakika kumi pale. Kiwanja kina kibanda cha makuti na soksi ya upepo. Kwa hivyo usiniambie udogo ndio shida. Shida ni nani ameketi kwa kiti na analipa kwa pesa ya nchi gani.

Angalia Lokichar, ambayo nimewaambia mstari wetu unapita karibu nayo. Mafuta yalipogunduliwa pale, kisima cha Ngamia 1, Machi 2012, wafanyakazi wa mafuta hawakukaa Kainuk wakingoja kusindikizwa. Kulikuwa na kiwanja pale Kapese, ndege zikawa zinawatoa na kuwarudisha. Umbali ulikuwa uleule. Jua lilikuwa lilelile. Mwalimu wa shule iliyo karibu na hapo alikuwa kwa basi.

Na hii ya mwisho ndiyo imeniuma zaidi, kwa sababu ni ya nyumbani. Kericho na Nandi ni kati ya sehemu za dunia zinazojulikana sana kwa mvua ya mawe. Yale mawe yakishuka, jani linapasuka, na jani lililopasuka ni hasara. Basi miaka ya mwisho ya 1960 hadi miaka ya 1970 kulikuwa na ndege zinazorushwa juu ya mashamba ya chai, zinaingia kwenye mawingu na kuyamwagia chembechembe za iodidi ya fedha, ili mawe yawe madogo au yawe maji kabla hayajafika chini. Soma tena. Ndege zilipaa huku kwetu, msimu baada ya msimu, ndani ya mawingu ambayo marubani wengine huyakimbia, kwa ajili ya jani. Wala sisemi lilikuwa kosa. Hilo jani ndilo limenilisha. Nasema tu kwamba watu wakisema "ndege haiwezi," tuulize haiwezi kubeba nini.

Hata majani yenyewe yanasafiri vizuri kutuliko. Chai ya huku inapakiwa Kericho mjini na KETEPA, na dadangu anaikuta dukani Lodwar, paketi safi, bei ya kawaida. Ile ya kuuzwa nje inateremka kwa lori hadi mnada wa Mombasa kila wiki. Mtu alikaa chini akapanga hiyo safari. Akajua lori linatoka saa ngapi, linafika saa ngapi, nani analipokea. Je, kuna mtu aliwahi kukaa chini akapanga safari ya mwalimu kutoka Lodwar hadi Mogogosiek? Maana si yeye peke yake. Kwetu kila kijiji kina mtu Turkana: mwalimu, polisi, nesi, mfanyabiashara wa viazi. Na kuna watoto wa Turkana wanaosoma huku. Desemba ikifika stendi ya Kitale inajaa Kikalenjin na Kiturkana, wote wamelala juu ya mizigo.

Najua mnachongoja niseme. Mnangoja niseme tujengewe uwanja mkubwa wa ndege Kericho. Hapana. Hapa ndipo nitawapoteza baadhi yenu, na ni sawa.

Hiyo ahadi tunaijua kwa moyo. Kila uchaguzi mtu anasimama juu ya gari na kusema Kerenga itapanuliwa, na Bomet watu wanaambiwa Itembe itawekwa lami. Watu wanapiga makofi. Kwanza, kupanua kiwanja ni kula shamba la mtu, na huku kwetu ardhi si nyasi za bure. Pili, lami nzuri haileti ndege. Ndege inaletwa na abiria wenye uhakika wa kulipa wiki baada ya wiki, na bonasi ya chai upande wetu wa Bonde la Ufa mnajua vile imekuwa, ukilinganisha na wenzetu wa Murang'a na Kirinyaga. Mamangu hatapanda ndege kwa bonasi hiyo. Uwanja utajengwa, Ijumaa helikopta za wanasiasa zitatua kwa starehe zaidi, na dadangu atabaki Kainuk. Kerenga itunzwe, ndiyo, ili siku mgonjwa anahitaji kutolewa haraka, ndege ya madaktari itue bila wasiwasi. Zaidi ya hapo sioni kwa nini nipige makofi.

Ninachotaka ni kitu cha kuchosha, hakina picha nzuri ya kuweka kwenye bango. Eldoret iko kwenye mstari uleule. Ina uwanja mkubwa tangu miaka ya 1990. Kumekuwa na ndege za Lodwar zinazopitia Eldoret. Basi ngumu iko wapi? Iko kati ya Kericho na Eldoret, kilomita kama 150 za matatu zinazongoja zijae, na baada ya saa moja usiku zimeisha. Iko Kainuk. Iko kwa ratiba za ndege zinazobadilishwa bila mtu kuambiwa. Mtu akiweka gari la saa kumi na mbili jioni linalotoka Eldoret lijae lisijae, na Kainuk ikapitika usiku na mchana bila mtu kusali, safari ya dadangu inashuka kutoka saa thelathini na tatu hadi chini ya ishirini, hata bila ndege. Angefika Ijumaa usiku. Angekesha na sisi.

Kwa gavana hili ni jambo dogo. Kwa waziri pia, maana hakuna utepe wa kukata.

Na sisi watu wa kontenti tuna mzigo wetu. Tunapenda namba inayoingia kwa skrini moja. Saa moja inaingia. Saa thelathini na tatu, na polisi, na rafiki wa rafiki Eldoret, haiingii. Namba yangu ilipata laiki elfu nyingi kwa sababu ilikuwa inawapa raha: ati Kenya ni ndogo, ati tuko karibu. Kuna kijana alikomenti kwamba sasa ataacha kuogopa kuitwa kazi Turkana kwa sababu atakuwa anakuja nyumbani wikendi. Nilimpa moyo na ile alama ya moto. Sijui alipangiwa wapi. Nimemtafuta, ameshabadilisha jina la akaunti.

Dadangu anasema nisifute, nirekebishe. Mimi nimefuta, kwa sababu najua watu huangalia vidio bila kusoma maelezo. Badala yake tumekubaliana hivi. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na moja haji yeye. Naenda mimi. Natoka mlangoni kwa mama, si stendi ya Kericho, na saa ya simu inaanza kuhesabu pale mlangoni. Nitaweka kila kitu: tulipongoja, tulipolipa, tuliposimamishwa. Nikifika kwake ndipo naizima.

Ameniambia nimletee majani chai. Nimemwambia yako dukani kwao. Akasema anataka ya kwa mama, ile ya kukaangwa kwa sufuria.